Mzima Hapandi

Mwalimu Flaviana alipoitwa na mdogo wake aje Maneromango kuhutubia, alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumuuma kuliko mengine yote. Justin alimpigia simu akiwa nyumbani kwake Tumbi, anapalilia mchicha uani. "Dada," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye habari njema, "tunafungua ofisi mpya ya kitongoji. Mgeni rasmi anatoka mjini. Tunakutaka wewe uje utueleze, kwa ufupi lakini, namna nchi hii ilivyojijengea serikali baada ya uhuru. Na habari za Baba usiziache."

Angeziachaje? Alifundisha historia na uraia Kibaha mpaka nywele zikageuka rangi. Wanafunzi walikariri tarehe na majina ya wakubwa kama walivyotakiwa na mtihani, lakini hakuna darasa lake lililoondoka bila kisa cha baba yake, mzee Athanas, na machela. Wengine wamekuwa watu wazima sasa, wakikutana naye sokoni Kongowe wanamsalimia kwa kisa hicho hicho. "Shikamoo Mwalimu! Mzima hapandi!"

Kisa chenyewe ni hiki. Enzi za mkoloni, kule kitongojini kwao nyuma ya Maneromango, alikuwapo jumbe. Hakuchaguliwa na mtu. Aliwekwa akusanye kodi na kuwatoa watu mashambani wakachonge barabara, na barabara hiyo yeye mwenyewe hakuikanyaga hata siku moja, maana alikuwa na machela. Miti miwili mirefu ya mninga, katikati kiti cha kusuka chenye pa kuegemea, na wanaume wanne chini yake, jua liwake, mvua inyeshe. Kuna wazee waliokufa na makovu ya miti ile mabegani.

Uhuru ukaja, na serikali mpya ikasema majumbe basi, watu wachague wenyewe mjumbe wao kwenye kamati ya kijiji. Mjumbe! Hiyo M ya mbele Flaviana alikuwa akiiandika ubaoni kubwa mpaka chaki inakatika. "Jumbe amewekwa juu yenu," alikuwa akiwaambia. "Mjumbe mmemtuma nyinyi. Herufi moja tu, wanangu, na uhuru wote umo humo."

Watu wakamchagua Athanas, mkulima wa mihogo asiye na makuu. Siku hiyo vijana wakaitoa machela mbiombio, vigelegele juu, wakamwambia, "Panda, Athanas! Zamu yetu sasa!" Hebu fikiri. Wenye makovu mabegani ndio waliokuwa wa kwanza kushangilia. Athanas akaitazama machela, akawatazama, akasema, "Mzima hapandi." Maneno mawili, na hiyo ikawa katiba ya kitongoji. Kile kiti akakibandua, akasukia kitanda cha kamba mahali pake, na tangu siku hiyo machela ikawa ya mgonjwa, ya mama anayejifungua na ya maiti. Mwenye miguu yake atembee. Na wa kwanza kulazwa juu yake alikuwa nani? Jumbe yule yule, homa imemkamata, akabebwa na mabega yale yale mpaka misheni, na njia nzima hakuna aliyemsimanga. Darasani, hapo ndipo Flaviana alipokuwa akinyamaza kidogo ili liwaingie.

Basi huyo ndiye aliyeshuka kwenye bodaboda siku moja kabla ya sherehe, kitenge chake kipya kimekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Kijana Hamidu alikuwa kibarazani kwa Justin anapiga deki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Justin yupo?"

"Jumbe yuko ndani."

"Nani?"

"Jumbe. Mzee Justin."

Flaviana akadhani kijana ameteleza ulimi. Lakini fundi aliyekuwa anagongomea mlango wa ofisi mpya naye akasema Jumbe kapita sasa hivi. Hata Herieth, mke wa Justin mwenyewe, mwanamke mwenye akili zake, akamwambia, "Karibu wifi, kaa. Jumbe anaoga."

Wakati wa chakula hakuvumilia. "Justin, tangu lini wewe ni jumbe?"

Justin akacheka, mdomo umejaa ugali. "Utani wa vijana huo, dada. Mwenyekiti wa kitongoji si mjumbe wa serikali ya kijiji? Basi wanafupisha. Siku hizi kila kitu kinafupishwa."

"Na wewe unaitika?"

"Nisipoitika si watasema naringa?"

Lo! Kuringa ni kukataa kuitwa jumbe! Flaviana akamega tonge jingine. Lakini dada mkubwa akija kuhutubia hawezi kuanza kwa ugomvi, na samaki wa Herieth alikuwa mtamu, akanyamaza. Alinyamaza hata alipoiona machela yenyewe imesimamishwa ukumbini, imepakwa rangi inang'aa, na juu ya kile kitanda cha kamba cha baba yao kimefungwa kiti chenye mto mwekundu. "Ya maonyesho hiyo," Justin alimwambia. "Watu waone zamani ilivyokuwa. Historia, dada, si ndiyo kazi yako?" Akaona ni wazo zuri. Masikini, aliona ni wazo zuri kabisa!

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Korongo la Mkwaju, lililo kati ya kitongoji na barabara ya magari, lilikuwa limejaa maji ya kahawia yanayokimbia. Flaviana alikuwa kibarazani amevaa kitenge chake, anajisomea moyoni maneno ya hotuba, akamwona mwanamume anakuja anakimbia, matope mpaka mapajani. Alikuwa Ndaki, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya karibuni na kujenga pembeni mwa kitongoji, upande huu huu wa korongo. Alipofika alivua kofia kwanza, na alikuwa anahema.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Shikamoo, Mwalimu. Naomba machela. Kabula ana uchungu tangu jana. Nesi wa zahanati anasema mtoto amekaa vibaya, hapa hawezi, apelekwe hospitali. Mkokoteni wangu utamfikisha korongoni, lakini kuvuka utapinduka. Naomba machela na watu wa kumvusha."

"Machela imeshatoka," Justin akasema.

"Imekwenda wapi?"

"Kumpokea mgeni rasmi. Ikirudi utaipata."

Flaviana alidhani masikio yake yamezeeka. "Mgeni rasmi anaumwa?"

"Dada, korongo limejaa. Unataka mheshimiwa avue viatu mbele za watu?"

"Avue! Miguu si anayo?"

Justin akamvuta pembeni, kana kwamba Ndaki ni kiziwi. "Wewe unaishi Kibaha, huyajui ya hapa. Hawa wamekuja juzi na ng'ombe wao, wamelisha mihogo ya watu. Siku ya kujenga msingi wa ofisi hakuonekana. Leo ndiyo anaijua machela?"

"Mchanga wa msingi niliuleta mimi," Ndaki akasema pale pale aliposimama. "Kwa mkokoteni. Wewe Mwenyekiti ndiye ulinionyesha pa kumwaga."

Justin akaangalia saa yake. "Haitachukua muda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tulivyolelewa?"

"Na huyu?" Flaviana akamwonyesha Ndaki. "Huyu mgeni yeye amekuja ili nani apone?"

Hakungoja jibu. Alivua viatu vyake vya sherehe akaviacha kibarazani, akakusanya kitenge mpaka magotini. "Mlete mkeo korongoni, baba," akamwambia Ndaki. "Mimi natangulia kuizuia hiyo machela." Nyuma yake alimsikia Justin akiita, "Dada! Hotuba je?" Akatamani kurudi amnase kibao kama zamani alipokuwa akiiba maandazi.

Pale korongoni ndipo alipotaka kulia kwa hasira. Machela ilikuwa ng'ambo, tupu. Tupu! Imewekwa juu ya mawe isiguse tope, mwavuli umefunguliwa juu yake ili mto mwekundu usilowe, na wabebaji wanne wamekaa chini ya mkwaju wanatafuna miwa. Mgeni rasmi hata harufu yake haikuwapo.

"Saburi!" Flaviana akapaza sauti yake ya mstarini. Saburi, kiongozi wa wabebaji, alikuwa mtoto wa jirani yao wa siku zote. "Leteni machela huku! Kuna mzazi!"

"Jumbe katuambia tusiondoke, Mwalimu! Mgeni anafika sasa hivi!"

"Mzazi, nakwambia!"

Saburi akasimama, akawatazama wenzake, akakaa tena. Alikuwa ameahidiwa ulinzi wa ofisi mpya, kazi ya kukaa kivulini, na nani asiyejua kazi zilivyo adimu? Flaviana akaingia majini. Hatua chache tu maji yakamfika kiunoni, mkondo ukamyumbisha, akashika mzizi akajirudisha ukingoni kitenge kimelowa tope. Akampigia Justin simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Wanaume wengine wote walikuwa ofisini wanapanga viti na kujaribu spika, zinasikika toka pale, "Moja mbili, moja mbili," na wala hakuna hata mmoja wa kumtuma.

Mkokoteni wa Ndaki ukafika. Kabula alikuwa amelala juu ya majani makavu, amefunikwa shuka, hapigi hata kelele. Hilo ndilo lililomtisha Flaviana. Mwanamke anayepiga kelele ana nguvu bado. Akampangusa uso kwa ncha ya kitenge. Kabula akafumbua macho, akaiona machela ng'ambo ya maji.

"Si ile pale?" akauliza.

"Ndiyo ile, mwanangu."

"Mbona haina mtu?"

Wakakaa wakiitazama, na Ndaki akaendelea kuita mpaka sauti ikamkauka. Maji yakipita, muda unapita, na mto mwekundu umekaa mkavu chini ya mwavuli wake.

Hatimaye gari likatokea. Mgeni rasmi akashuka, mtu mnene wa haiba, suruali imepigwa pasi. Akaitazama machela akasita. Wakamwelekeza, akapanda. Saburi na wenzake wakainyanyua na kuingia majini, na Justin naye, aliyesikia honi, akawa ameshateremka mbio upande huu na kundi la ngoma na mpiga picha. Kumbe mpango haukuwa kumvusha tu! Mpango ulikuwa abebwe hivyo hivyo kupanda kilima chote, ngoma mbele, mpaka mlangoni mwa ofisi.

Machela ilipotoka majini, Flaviana alikuwa amesimama katikati ya kinjia. Maji yalikuwa yanamchuruzika, kilemba kimemtoka, mvi ziko nje.

"Dada, pisha," Justin akasema, anatabasamu kwa ajili ya picha. "Nakuomba."

"Mliniita nihutubie. Nahutubia hapa hapa." Akamtazama mgeni juu ya kiti. "Shikamoo sikupi, mheshimiwa, maana nimekupita umri. Nakuuliza tu. Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nina nini tena?"

"Basi unafanya nini juu ya machela ya wagonjwa?"

Mgeni akageuza shingo kumtafuta Justin. "Mimi nimeambiwa ni mila yenu," akasema. "Nimeambiwa wazee wenu ndivyo walivyokuwa wakimpokea mgeni wa heshima, na nikikataa nitawadharau."

Mila! Kumwonea mtu ni jambo moja. Lakini kuchukua uchafu ambao baba yako mzazi aliutupa mbele ya watu, ukaupaka rangi, ukaufungia mto mwekundu, ukauita mila ya baba huyo huyo!

"Mila yetu ni maneno mawili," Flaviana akasema. "Saburi! Babu yako alizikwa na makovu ya miti hiyo. Mila yetu inasemaje?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Saburi alitazama chini. Kisha akatazama mkokoteni, ambao toka ng'ambo alikuwa hauoni vizuri, akamwona Kabula, na shuka ilivyolowa damu.

"Mzima hapandi," akasema.

"Saburi, usitue!" Justin akafoka. "Nyanyua twende, watu wanangoja!"

"Mzima hapandi, Jumbe." Akakunja magoti, na wenzake watatu nao wakakunja. Mgeni rasmi akajikuta amekaa chini, matope yanamwingia viatuni kama watu wengine wote. Tumpe haki yake. Alisimama mwenyewe, akamwona Kabula, akasema, "Yesu wangu! Gari liko pale, mwambieni dereva awapeleke mbio." Kwa mikono yake akasaidia kufungua kile kiti. Justin alibaki ameshika mto mwekundu, hajui auweke wapi.

Walimvusha Kabula wakiwa wameinua machela juu ya vichwa, maji hayakumgusa. Flaviana alipanda naye garini, kichwa cha mwanamke yule mapajani pake, Ndaki amewashika wote wawili. Barabara ya Maneromango wakati wa mvua mnaijua. Gari liliteleza, likanasa, likasukumwa. Hospitalini wakampokea mbio, wakampasua, wakamwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshanyamaza.

"Mngewahi kidogo tu," daktari alisema, taratibu, bila kulaumu, maana hakujua analolisema lina mwenyewe.

Justin akapiga simu jioni. Sherehe ilifanyika, alisema, ingawa mgeni hakukaa hata kula. "Umenivunjia heshima mbele ya watu, dada. Mimi ndugu yako! Baba angekuona leo angesemaje?" Flaviana akamwambia mtoto amekufa, akakata simu.

Kabula alibaki hospitali. Ndaki alimfunga mtoto wake kwenye kitenge cha Flaviana, kilichofuliwa na kukaushwa, maana hakuwa na nguo nyingine nzuri. Alidhani atamleta mikononi mwake mwenyewe, yeye na Mwalimu tu. Lakini walipofika Korongo la Mkwaju wakamkuta Saburi na wenzake wamekaa ukingoni na machela, hawakuitwa na mtu. Rangi walikuwa wameikwangua. Saburi alipokea kile kifurushi kidogo, akakilaza katikati ya kitanda cha kamba, na jinsi kitanda kilivyokuwa kikubwa na mtoto alivyokuwa mdogo, mmoja wa wabebaji alishindwa, akageuka kufuta macho. Wanaume wanne kwa uzito ambao angeubeba mtoto mwenzake. Wakanyanyua.

Njia ya makaburini inapita mbele ya ofisi mpya. Justin alikuwa mlangoni, chini ya maandishi mapya. Alipoiona machela inakuja akashuka ngazi, akavua kofia. Watu waliokuwa nyuma ya machela walikuwa wameshakuwa wengi, na hakuna aliyekuwa akiimba.

Ndaki akasimama. Siku zote yeye alikuwa akimwita Mwenyekiti. Lakini Kiswahili alikijulia ukubwani, na korongoni siku ile alikuwa amemsikia Saburi, na siku zote aliwasikia wengine, wote wakitumia jina moja, akajua basi hilo ndilo jina la heshima la hapa, na yeye ndiye aliyekuwa anakosea. Hakuwa na kejeli hata chembe. Akainamisha kichwa kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Jumbe," akasema.

Uso wa Justin ukabadilika. "Usiniite hivyo," akasema, kwa sauti ndogo. "Mjumbe. Mimi ni mjumbe."

Ndaki akafikiri, anataka kuelewa, asije akamkosea tena mkubwa wake. "Samahani," akasema. "Kwani tofauti yake ni nini?"

Flaviana angeweza kumjibu. Jibu hilo alikuwa amelitoa maisha yake yote, kwa chaki, ubaoni, mwaka baada ya mwaka. Alimgeukia mdogo wake. Wabebaji nao walisimama na mzigo wao mabegani, wote wanamtazama Justin, na Justin anatazama kile kitenge kilichofunga kitu kidogo katikati ya kitanda alichosuka baba yake.

"Mjibu," Flaviana akamwambia mdogo wake. "Anakuuliza."